Tumwulize Mtoto Aonacho



Katika sura ya 8 ya Injili yake, Mtakatifu Marko anatusimulia habari za kipofu wa Bethsaida. Bwana anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamwekea mikono, kisha anamwuliza kama anaona chochote. Mtu yule hasemi uongo ili kumpendeza Mponyaji. Anakiri kwamba watu anawaona, lakini wamefanana na miti itembeayo. Ndipo Bwana anapomwekea mikono mara ya pili. Tuzingatie kwamba aliulizwa.

Sisi hatukuuliza. Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja cha vijijini huku kwetu Songea, tulikuwa na mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza ambaye hakusoma neno lolote tuliloandika ubaoni. Tulimwita mvivu mbele ya wenzake. Na kwa kuwa jioni mtoto huyo huyo alimtungia bibi yake uzi katika sindano, tena kwa mwanga wa kibatari, tulimwona mkaidi pia. Mwalimu mmoja mgeni ndiye aliyemwuliza: “Pale ubaoni unaona nini?” Akajibu: “Weupe.”

Yako macho yaonayo vema vitu vya karibu, lakini vya mbali huviona kama vimefunikwa na ukungu, kwa kuwa nuru hukutana kabla ya kufika nyuma ya jicho. Mtoto wa namna hii halalamiki, maana hajapata kuona vinginevyo. Hudhani watu wote huona hivyo. Hukunja uso, hunakili daftari la jirani. Kumpima si kazi ngumu: husimamishwa mita 6 mbele ya chati ya herufi E, naye huonyesha kwa mkono miguu ya herufi inaelekea wapi. Hata asiyejua kusoma hupimika. Tulimwomba radhi mtoto yule, naye akatutazama kwa mshangao.

Lakini kupata miwani ni jambo moja, kuivaa ni jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa kwa wanafunzi wa sekondari wa Dar es Salaam, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliopewa miwani bure, baada ya miezi 3 ni asilimia 47 tu waliokuwa wakiivaa au walau walikuwa nayo shuleni. Waliopewa cheti wakanunue wenyewe walikuwa asilimia 26. Wako wanaoogopa kuchekwa. Wako pia wazazi wanaoamini kuwa miwani huharibu macho ya mtoto, jambo lisilo kweli.

Mtoto wetu tulimwona na miwani yake Jumapili tu. Siku nyingine ilifungiwa sandukuni, pamoja na vitenge vya bibi vya kuendea kanisani. Tukaenda kwao, wakati wa mavuno ya mahindi. Bibi alitukaribisha kwa heshima, akasema: “Baba Paroko, akiivunja shuleni, nani atanunua nyingine?” Lilikuwa swali la haki, kwani aliyeuza madebe ya mahindi kuipata ni yeye. Tukamwambia ikivunjika atuletee vipande.

Jumatatu mtoto alikwenda nayo shule. Imekwisha kuvunjika mara moja, mkono wa kushoto, na fundi wa redio akaufunga kwa waya.