Waliopona Wako Wapi?

Ndugu msikilizaji, ukitaka kujua watu wanaogopa nini, sikiliza wanatania nini. Panda basi pale Dar es Salaam, mwambie jirani yako wa kiti kwamba wewe ni mtu wa Dodoma. Kama hakukuuliza habari za Bunge, atakuuliza habari za Mirembe. "Wamekuruhusu lini?" atasema, na abiria wa viti vya nyuma watacheka. Mimi nimezaliwa Dodoma na mzaha huo nimeusikia tangu nikivaa kaptura ya shule. Uwanjani, mchezaji akipaisha mpira mbele ya goli tupu, utasikia: "Mpelekeni Mirembe!" Mke na mume wakigombana, neno la mwisho ni hilo hilo. Wakenya nao wana Mathari yao, Waganda wana Butabika, Wazanzibari wana Kidongo Chekundu. Kila nchi na hospitali yake ya kuchekea.

Nami nilicheka kama wengine. Ndiyo sababu jioni hii naona nina deni la kulipa.

Mwaka 2011 nilikuwa karani katika ofisi moja hapa mjini. Nilianza kwa kukosa usingizi. Naamka saa nane za usiku, macho makavu, moyo unakwenda mbio kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, na hakuna nyuki. Asubuhi nakaa mezani, nafungua daftari la hesabu, na saa sita mchana bado niko ukurasa ule ule. Chakula kikawa hakina ladha, hata mlenda, na Mgogo akikataa mlenda ujue kuna jambo. Mkanda wa suruali niliuongeza matundu mawili kwa msumari. Majirani walianza kuhesabu mbavu zangu na kunitafutia jina la ugonjwa, na msikilizaji unalijua jina walilolichagua.

Nikapima damu. Zahanati moja ikasema malaria, nikameza dawa. Nyingine ikasema taifodi, nikameza dawa. Nikarudia malaria mara ya pili na ya tatu. Nikaenda kwa mganga, akaniambia mtu wa kazini kwangu ananionea wivu. Sikumwuliza ni nani. Nilimchagua mwenyewe, mwenzangu wa meza ya pili, mtu ambaye tulikuwa tukigawana chai na maandazi kila siku ya Mungu, nikaacha kumsalimia. Nikaenda kuombewa, nikaombewa vizuri, nikarudi nyumbani nikakesha. Ilifika mahali nikawa nawaza kwamba watoto wangu wangeishi kwa raha zaidi kama mimi nisingekuwapo. Wazo hilo sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu waganga. Sikuwa peke yangu katika njia ile. Upo utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003, ambao uliwachunguza watu waliokwenda kwenye zahanati na wale waliokwenda kwa waganga wa jadi. Zahanati, kiasi cha robo yao walikuwa na maradhi ya akili ya kawaida, yaani huzuni iliyozidi kiasi na wasiwasi. Kwa waganga walikuwa karibu nusu. Maana yake wagonjwa wanatafuta msaada, na wanatembea sana kuutafuta. Tatizo ni kwamba mlango mmoja wanaupita wameinamisha kichwa.

Aliyenishika mkono ni shangazi yangu kutoka Kongwa. Alikuja na debe la karanga, akakaa siku mbili akinitazama bila kusema neno. Siku ya tatu, mke wangu alipokwenda sokoni Majengo, akaniita uani.

"Mwanangu," akasema, "hii si malaria. Baba yako mdogo alikuwa hivi hivi."

Baba mdogo! Nilidhani shangazi kachanganya watu. Baba mdogo ninayemjua mimi alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Alijenga nyumba ya bati. Alinilipia ada ya sekondari miaka minne, na kila mwisho wa muhula alitaka kuona ripoti yangu kabla ya baba yangu mzazi. Shangazi akanieleza polepole, akitazama mlangoni. Mwaka 1974 baba mdogo aliacha kula, akaacha kulala, akaacha kusema. Alipelekwa Mirembe, akakaa miezi minne, akatoka, akaendelea kwenda kliniki na kumeza dawa kwa muda mrefu, akarudi kazini. "Watu tuliwaambia amekwenda Tabora kutafuta kazi," shangazi akasema. "Hata mama yako aliambiwa Tabora."

Baba mdogo alifariki mwaka 1998. Nilikaa pale uani nikamkumbuka akiwa barazani kwake jioni, sisi vijana tukiwa tumemzunguka, tunataniana, na mmoja wetu, mara nyingi mimi, akimwambia mwenzake aende Mirembe. Naye baba mdogo alikuwa akicheka pamoja nasi.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema. Tunasema ugonjwa wa akili unafichwa. Si kweli kabisa. Mgonjwa aliyezidiwa hafichiki. Yule anayezunguka stendi na mfuko wa makaratasi, anayehutubia magari barabarani, mji mzima unamjua, na watoto wamempa jina. Tunayemficha ni yule aliyepona. Yeye anarudi usiku, anaambiwa alikuwa Tabora, anavaa shati lake, anakwenda kazini, na siri yake inazikwa pamoja naye. Fikiri hospitali ya wazazi ambayo majeneza yanatoka kwa mlango wa mbele mchana kweupe, na watoto wachanga wanatolewa kwa mlango wa nyuma gizani. Nani angempeleka mke wake kujifungua hapo?

Hofu ya wazee wetu tusiilaumu mno, ina chimbuko. Wamisionari wa Kijerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili kule Lutindi, milima ya Usambara, mwaka 1904. Hospitali ya Dodoma ilijengwa enzi za Mwingereza, miaka ya 1920, katika mji uliokuwa umekwisha kufikiwa na reli ya kati. Nyakati hizo daktari, awe London au Dodoma, hakuwa na dawa ya maana ya maradhi haya. Dawa ya kwanza iliyotuliza kweli wazimu mkali ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1952. Kabla ya hapo hospitali za namna hii duniani kote zilikuwa kuta na malango zaidi kuliko tiba, na aliyeingia aliweza kukaa miaka. Babu aliyeona hayo akamsimulia mwanawe, mwana akamsimulia mjukuu, na mjukuu ndiye yule anayecheka ndani ya basi. Dawa zilibadilika, masimulizi hayakubadilika. Watu wengine pia wanachanganya Mirembe na Isanga. Isanga ni taasisi ya hospitali hiyo hiyo, lakini kazi yake ni wagonjwa wanaoletwa kwa amri za mahakama. Mtu mwenye huzuni na ukosefu wa usingizi hana safari ya huko.

Basi nilikwenda. Siku ya kwanza nilivaa kofia ya pama ya marehemu baba, nikashuka kwenye pikipiki mbali, nikatembea kwa miguu nikijifanya napita tu. Nilitegemea kelele na minyororo. Nilikuta mabenchi. Kulikuwa na mama kutoka Bahi na binti yake mwenye kifafa, kwa sababu kifafa nacho kwetu hutibiwa katika kliniki hizi. Kulikuwa na kijana wa chuo kikuu anasoma kitabu. Kulikuwa na mzee wa Kigogo aliyenisalimia "Mbukwenyi" kama vile tumekutana mnadani. Mtu mmoja alinitazama, nikamtazama, sote wawili tukageuza uso. Alikuwa mwalimu wa mwanangu.

Daktari aliniuliza maswali ya kawaida sana. Nalala saa ngapi, naamka saa ngapi, nakula nini, nakunywa pombe kiasi gani, ndugu gani aliwahi kuugua hivi. Kwa mara ya kwanza nikalitamka jina la baba mdogo mbele ya mtu. Halafu akaniuliza kama nimewahi kufikiria kufa. Aliuliza kwa sauti ile ile ambayo mtu anauliza kama unakohoa. Nikajibu ndiyo, na nikalia, mtu mzima mwenye ndevu. Ugonjwa wangu aliuita sonona. Alinipa vidonge vya kumeza usiku, akaniambia visingefanya kazi kesho wala keshokutwa, bali baada ya wiki kadhaa, na nisiviache. Alinipangia pia siku za kurudi kuzungumza.

Wiki mbili za kwanza nilijuta. Kinywa kilikauka kama mbuga ya Bahi mwezi wa Kumi, asubuhi nikatembea kama mlevi, na moyo ukabaki mzito vile vile. Mke wangu ndiye aliyekuwa akivihesabu vidonge. Wiki ya sita, au ya saba, nililala mpaka nikasikia wauza maziwa. Nilikaa kitandani nikawasikiliza. Sikumbuki kama nimewahi kusikia sauti nzuri kuliko ile.

Nilirudi kwa mwenzangu wa meza ya pili nikamwomba radhi, na nikamweleza sababu. Alinisamehe. Lakini nisikudanganye, msikilizaji: habari ilitembea, na kabla ya mwezi kwisha mkubwa wetu akanihamisha kutoka daftari la fedha kwenda kupanga majalada, kazi ya kijana wa kuanza. Hakunieleza kwa nini, nami sikuuliza. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kusema wazi hakuna gharama, yeye hajasema. Simlaumu mtu anayechagua kunyamaza. Baba mdogo alikuwa na watoto wa kulisha.

Hata sheria zetu zinavuta huku na huku. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ambayo inamtambua mtu anayekwenda hospitali kwa hiari yake kuomba tiba, kama anavyokwenda mwenye shinikizo la damu. Wakati huo huo Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 217, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Swali lile daktari aliloniuliza kwa upole, mtu mwingine anaweza kulikwepa kwa kuogopa polisi. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinapingana na Katiba.

Wako pia waliotafuta njia nyingine. Kule Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Kishona wana neno, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Nilipolisikia nilishangaa, maana ndivyo tunavyosema na sisi: "Fulani ana mawazo." Bibi yule hamwambii mgonjwa kwamba ana wazimu. Anamwuliza mawazo yake ni yapi, na wanayapanga moja moja, lipi laweza kushughulikiwa leo. Matokeo yalipopimwa na kuchapishwa mwaka 2016, waliokaa kwenye benchi walionekana kupata nafuu kuliko wenzao. Shangazi yangu wa Kongwa hajafika Harare, lakini benchi lake lilikuwa gunia la karanga uani kwangu.

Na sisi hatukuanza jana. Miaka ya mwanzo ya 1980 nchi hii ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kupeleka huduma hizi kwenye zahanati na vituo vya afya, ili mtu wa kijijini asilazimike kusafirishwa hadi Dodoma kwa kila jambo. Wazo lilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Lakini hata zahanati ikiwa na mhudumu na dawa, atakwenda nani kama hajawahi kumwona mtu aliyekwenda akarudi mzima?

Mimi sikusimama sokoni kutangaza. Nilisema mara moja tu, katika kikao cha mtaa, watu walipokuwa wakimjadili kijana mmoja aliyeacha shule na kujifungia chumbani. Mmoja akasema amerogwa, mwingine akasema ni bangi. Nikasema, "Mimi niliugua karibu hivyo, nikatibiwa Mirembe, ni huyu hapa mnayemwona." Kikao kikanyamaza. Mwenyekiti akakohoa, akaingia ajenda ya taka.

Usiku ule, kama saa nne hivi, mlango ukagongwa. Alikuwa baba wa kijana yule, mtu ambaye tumeishi naye mtaa mmoja miaka kumi na miwili bila kuvuka salamu. Hakutaka kuketi. Aliuliza wanaingilia mlango gani, kama lazima mgonjwa alazwe, kama kuna mtu anayeandika majina na kuyabandika. Nikamjibu moja moja. Nikamwambia aje na mtu anayeishi na kijana na anayejua usingizi wake, na kama kuna dawa yoyote anayotumia, hata ya mitishamba, aibebe aionyeshe. Akauliza kama ningeweza kwenda nao.

Tulikwenda Jumatatu, sisi watatu. Mimi kichwa wazi. Yeye alivaa kofia.