"Mbona Yuko Vile?": Kuwaeleza Wanafunzi wa Shule ya Msingi Kuhusu Usonji



Tuanzie mstarini asubuhi. Rimu la gari linagongwa kwa nondo, wanafunzi wanajipanga, na mtoto mmoja wa Darasa la Pili anaziba masikio, anachuchumaa na kupiga mayowe. Wenzake wanacheka. Mwalimu wa zamu anawakemea: "Mwacheni, huyo mgonjwa." Ana nia njema, lakini kwa kauli hiyo fupi ameshafundisha somo zima. Kama ni ugonjwa, basi huenda unaambukiza, na mgonjwa hukaa peke yake. Msishangae wakati wa mapumziko mkikuta hakuna anayetaka kunywea uji kikombe alichotumia yule mtoto.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba watoto hawasubiri maelezo yetu. Wasipoyapata kwetu watayapata njiani na nyumbani: karogwa, ana mashetani, mama yake alivunja mwiko, kalelewa vibaya. Kwa hiyo tusipoteze muda kubishana kama ni wadogo mno kuelezwa. Wameshaanza kuelezana wenyewe.

Mwalimu kwanza awe na hakika na anachokijua. Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua na kufanya kazi. Huanza utotoni na kwa kawaida humfuata mtu maisha yake yote. Daktari Leo Kanner aliueleza katika makala ya mwaka 1943 huko Marekani, akiwazungumzia watoto 11. Baadaye, kwa miaka mingi, wataalamu wenyewe waliwatwika mama lawama, eti hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Dai hilo lilishakataliwa, sawa na lile la kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela husababisha usonji, lililotokana na makala ya mwaka 1998 ambayo jarida la The Lancet liliifuta mwaka 2010. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 takribani mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa shule yenye wanafunzi 1,000, hesabu hiyo inakaribia watoto 8. Baadhi yao hawajatambuliwa na yeyote, hasa wasichana, ambao wengi hujifunza kuwaiga wenzao na kuficha taabu yao.

Mtoto wa miaka saba hahitaji habari za Kanner. Anahitaji jibu la swali alilouliza, basi. Akiuliza, "Mbona anaziba masikio?" mwambie: "Kengele inamuumiza masikio kuliko inavyokuumiza wewe. Akipata mahali pa kimya atatulia." Akiuliza, "Mbona haongei?" mwambie: "Maneno hayamtoki kwa urahisi, lakini usidhani haelewi. Mwoneshe picha, kisha msubiri." Kwa yule anayepunga mikono: "Mwili wake hufanya hivyo akifurahi au akiwa na wasiwasi. Wewe ukifurahi si unaruka?" Kila jibu limetaja kinachoonekana na sababu yake, na pale inapowezekana limempa muulizaji jambo la kufanya. Hotuba ndefu ya kuhimiza upendo haifui dafu mbele ya majibu mafupi kama haya.

Lipo pia suala la lugha, nalo watoto hulifurahia sana. Wapo wenye usonji wanaochukua maneno kama yalivyo. Mwalimu akisema "shika adabu", mtoto wa namna hiyo anaweza kuuliza iko wapi aishike. Waambie wanafunzi watafute misemo mingine inayoweza kumchanganya, halafu waiseme upya kwa maneno ya wazi. Watajaza ubao, na bila kujua watakuwa wamejifunza kuzungumza na mwenzao.

Zoezi jingine ninalolipenda halihitaji hata shilingi. Mwite mwanafunzi mmoja mbele afanye hesabu ya kugawanya. Wenzake watatu wamzunguke, kila mmoja akisoma kwa sauti kitabu tofauti, wa nne agonge dawati, wa tano amkwaruze shingoni kwa kipande cha gunia. Dakika mbili zinatosha. Kisha muulize alitamani kufanya nini. Wengi hujibu: kukimbia, au kuwapigia kelele wanyamaze. Hapo mwalimu hana kubwa la kuongeza, ila aseme kwamba usonji si kelele tu, na kwamba watu wenye usonji hawafanani.

Wenzetu wa kipindi cha watoto cha Sesame Street walipomwingiza Julia, mwanasesere mwenye usonji, kwenye televisheni mwezi Aprili 2017, nao walianzia kwenye kitendo. Big Bird, mhusika mwenzake, anamsalimu, Julia haitikii, Big Bird anadhani hapendwi. Ndipo anapoelezwa. Nadhani walipatia, kwa sababu mwenzake wa mtoto mwenye usonji huumia hasa pale anapohisi amekataliwa.

Sasa niseme jambo ambalo huenda wengine wasilipende. Huruma tunayoifundisha shuleni ina madhara. Wanafunzi wakiambiwa "mhurumieni", humbebea mwenzao begi, humjibia maswali, humpapasa kichwa, lakini kwenye kombolela hawamwiti. Kumwita malaika hakusaidii, wala kumsifu kuwa lazima ana kipaji cha hisabati. Tena tusiwadanganye wanafunzi: mtoto mwenye usonji akimpiga mwenzake, aliyepigwa ameumia na ana haki ya kusikilizwa. Tunaeleza kwa nini ilitokea, na tunaweka mpango isitokee tena. Tukimkataza aliyeumia kulalamika, atakachojifunza ni chuki ya kimyakimya.

Kabla ya yote hayo, usimtaje mtoto kwa jina mbele ya darasa bila ridhaa ya mzazi. Na yeye mwenyewe aulizwe, kwa maneno au kwa picha, kama anataka somo lifanyike na kama anataka awepo. Tunamsahau mara nyingi mno. Ni yeye wa kwanza anayestahili kuelezwa kwa nini kengele inamuumiza wakati wengine wamesimama tu. Tusiwasahau pia kaka na dada zake walio madarasa ya juu, ambao huulizwa maswali haya kila siku njiani na hakuna aliyewapa jibu.

Katika kazi ya vikundi inayofuata, kila kundi litapata swali moja kutoka kwa mtoto. Kundi la kwanza lina "Atapona lini?", la pili "Nikicheza naye nitakuwa kama yeye?", la tatu "Mbona yeye hachapwi?" Naomba jibu lisizidi sentensi tatu, na neno "maskini" lisiwemo. La tatu ndilo gumu kuliko yote. Kundi hilo liongezewe dakika kumi.