Almasi zinafanana, sheria hazifanani



Nimechoka kusikia eti umaskini wa nchi ni uvivu wa watu wake. Tazameni Botswana na Sierra Leone. Zote zina almasi, zote zilitawaliwa na Mwingereza. Botswana ilipata uhuru 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mwaka uliofuata ikatunga sheria: madini ni ya taifa, hata yaliyo kwenye ardhi ya Bangwato, kabila ambalo Rais Seretse Khama alizaliwa mrithi wa uchifu wake. Yaani anawanyima watu wake mwenyewe! Kufikia 1975 serikali ilikuwa na asilimia 50 kwenye mgodi wa De Beers. Uchaguzi haukukoma, na 2024 chama tawala kikashindwa, kikaondoka.

Sierra Leone, Siaka Stevens alichukua asilimia 51 mwaka 1971, kubwa kuliko hiyo. Lakini 1978 akabakiza chama kimoja. Nani angemuuliza fedha za almasi ziko wapi?

Sisi je? 2017 sheria za madini zilipita Bungeni kwa hati ya dharura, siku chache tu. Serikali inapata hisa zisizopungua asilimia 16, sawa. Mkataba wenyewe, mbunge wako ameusoma?