Baridi Nyumbani na Hatari ya Jiko
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi)



Leo hatusemi habari za kazini, ila za nyumba tunazorudia jioni. Toka Juni hata Agosti baridi hutukamata sana huku bara. Nairobi iko kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru imepita mita 2,000. Wengi wetu twapanga nyumba za zamani, mabati hayana dari na milango haifiki chini. Twanunua makaa kila jioni, na joto lake lapanda likatokea juu.

Hewa ya moto ikipanda, ya baridi huingia chini kushika nafasi yake. Basi tuanze na mlango. Shoneni mfuko mrefu wa gunia, mjaze matambara, mwulaze chini ya mlango usiku. Nyufa za mbao zibandikwe magazeti kwa uji wa unga. Kioo kilichovunjika kitiwe kingine.

Lakini hapa tuangalie sana. Kadiri tunavyoziba, ndivyo jiko linavyozidi kuwa hatari. Makaa hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hushikwa na kizunguzungu, na aliyelala huenda asiamke. Jiko la udongo lililoenea toka miaka ya 1980 hula makaa machache kuliko la bati tupu, lakini sumu ni ile ile. Kwa hiyo jiko litolewe nje kabla ya kuziba mlango na kabla ya kulala, na tundu la hewa la juu lisizibwe kamwe. Mtu akizidiwa, mtoeni nje upesi, mkampeleke hospitali.

Dari na milango mipya si kazi ya mpangaji peke yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa, au posho ya kutosha kulipia nyumba ya kufaa, isipokuwa posho hiyo imekwisha unganishwa na mshahara. Basi kila nyumba iandike kasoro zake, tutie sahihi pamoja, na karatasi iletwe tawini kabla ya Juni. Mmoja akilalamika huambiwa ahame. Wote hawawezi kuambiwa hivyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuzibe, ndugu, lakini jiko likiwa nje.