Visiki Visichimbwe
Hotuba ya Kamati katika Siku ya Mazingira Duniani



Leo tarehe 5 Juni miche imepandwa na picha zimepigwa. Tunaomba dakika chache tuzungumzie visiki.

Tangu kambi yetu ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, tumepika kwa kuni za pori la wenyeji wetu wa Kasulu. Msitu wa hifadhi ni mali ya umma wa Tanzania, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata mti humo bila kibali. Wapo kati yetu wanaokumbuka Kivu ya mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipopiga kambi kandokando ya Hifadhi ya Virunga na kuingia humo kila siku kutafuta kuni. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wakati ule wenyeji tulikuwa sisi, na tulinung'unika. Leo anayenung'unika ni jirani yetu wa Makere.

Watu hudhani mti uliokatwa umekufa. Miti ya miombo haiko hivyo. Ukiikata, mizizi hubaki hai, na mvua zikinyesha kisiki huchipua. Mizizi hiyo imekwisha kufika chini kwenye unyevu, wakati mche wa bustani ndiyo kwanza unaanza kuitafuta njia. Lakini kisiki kikichimbwa, mti huo haurudi tena.

Mama anayechimba kisiki hana ubaya. Kuni za karibu zimekwisha, na kwenda mbali kuna hatari; yanayowapata wanawake na wasichana porini tunayajua sote. Kwa sababu hiyohiyo tunasema visiki vya karibu viachwe. Kila kisiki kibakishiwe machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, na yanayopunguzwa ndiyo yawe kuni, kwa kibali. Maharage nayo yalowekwe usiku na sufuria ifunikwe. Hili akina mama wanalijua kuliko sisi wa Kamati.

Kuna jambo la moto. Majani yakichomwa mapema, kiangazi kikianza na ardhi ingali na unyevu, moto huwa mdogo. Moto wa Agosti mpaka Oktoba huunguza machipukizi yote. Sisi hatuna ruhusa ya kuwasha moto porini, kwa hiyo tunamwomba bwana misitu na serikali za vijiji jirani waangalie kalenda hiyo, nasi tukate majani ya kuezekea kabla hawajachoma.

Ndugu wa mashirika, ripoti zenu huhesabu miche iliyogawiwa. Hesabuni pia visiki vilivyochipua, maana miche mingi hufa kiangazi cha kwanza na hakuna anayerudi kuitazama.

Wenyeviti wa zoni wasiondoke baada ya ngoma. Bwana misitu yupo, nao watapanga naye siku ya kukata majani.