Chembe Ngeni na Kipimo Kilichosahihishwa



Kusini mwa Dallas, katika mji wa Waxahachie, Marekani ilianza kuchimba handaki lenye mzunguko wa kilomita 87 kwa ajili ya kugonganisha protoni. Mnamo Oktoba 1993, zaidi ya kilomita 23 zikiwa zimekwisha kuchimbwa, Bunge lilikata fedha na kazi ikasimama. Wanafizikia wa Texas waliendelea kutegemea mitambo iliyoko kwingineko.

Miongoni mwao ni wale wa Chuo Kikuu cha Rice na Chuo Kikuu cha Houston, walioshiriki katika kundi la STAR kwenye maabara ya Brookhaven, New York. Mwaka 2017 kundi hilo lilitangaza kwamba viini vya dhahabu vinapogongana bila kulengana sawasawa, chembe ngeni ziitwazo Lambda huelekea kuzunguka upande mmoja.

Hilo hujulikanaje? Lambda huzunguka mfano wa pia ya mtoto, nayo ina mhimili wake. Huishi takriban robo ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kisha huvunjika, mara nyingi ikizaa protoni na pioni. Protoni huelemea kurukia upande unaoelekezwa na mhimili wa mama yake. Je, huelemea kwa kiasi gani? Tangu miaka ya 1970 kipimo kilichokubalika kilikuwa 0.642, na juu yake zilijengwa hesabu nyingine nyingi.

Mwaka 2019 watafiti wa Beijing walipata 0.750. Nani asadikiwe? Ushahidi wa pili ulitokana na mwanga. Huko Newport News, Virginia, maabara ya Jefferson ilikuwa imekwisha kuipiga haidrojeni kwa miale ya fotoni, yaani chembe za mwanga, zilizopangwa mwelekeo, na hivyo kuzalisha Lambda. Takwimu hizo zilizohifadhiwa zilichambuliwa upya mwaka huohuo, zikatoa 0.721. Ikabainika kuwa kipimo cha zamani kilikuwa kidogo mno.

Kwa hiyo kiwango kilichotangazwa mwaka 2017 kilipaswa kushushwa kwa takriban asilimia 12. Ugunduzi wenyewe haukutenguka. Ukubwa wake ndio uliorekebishwa.

Wahenga walinena: akiba haiozi. Bila takwimu zilizotunzwa Virginia, sauti ya Beijing ingebaki peke yake dhidi ya mazoea ya miaka zaidi ya arobaini.