Kihisi cha Oksijeni: Shahidi wa Moto Katika Pikapu ya Zamani

Kipindi cha leo kinahusu kifaa kidogo kinachokaa kwenye bomba la ekzosi la pikapu ya petroli, ambacho vitabu vya ufundi hukiita kihisi cha oksijeni na mafundi wa gereji hukitaja kwa jina la oksijeni sensa, pamoja na namna ya kukitoa kilipokufa na kuweka kipya. Kabla ya jambo lolote, mwenye gari hana budi kujua kama gari lake linacho. Pikapu nyingi za zamani zinazobeba mizigo Afrika Mashariki ni za dizeli, na injini za dizeli za enzi hizo, kama zile za Toyota zijulikanazo kwa alama za 2L, 3L na 5L, hazikuwekewa kihisi hiki kabisa. Kinachozungumziwa hapa ni pikapu ya petroli inayopuliziwa mafuta kwa injekta chini ya usimamizi wa kompyuta, kwa mfano Toyota Hilux yenye injini ya lita 2.7 iitwayo 3RZ-FE. Na hata kati ya hizo zipo zilizoundwa kwa ajili ya nchi zilizokuwa bado zikitumia petroli yenye risasi, nazo zilitoka kiwandani bila kihisi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuinama chini ya gari, kulifuata bomba la ekzosi kuanzia kwenye injini, na kutazama kama pana kitu kama plagi kilichofungwa ubavuni mwake, kikitoa waya mmoja, mitatu au minne.

Petroli huungua vyema kabisa pale ambapo kilo 1 ya petroli hupata kilo 14.7 za hewa. Hewa ikipungua, mchanganyiko husemwa kuwa mzito, sehemu ya petroli hutoka bila kuungua na moshi hunuka. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi na injini hukosa nguvu mlimani. Kompyuta ya injini haina jicho ndani ya silinda, kwa hiyo hutegemea habari za kile kilichobaki baada ya moto, na habari hizo huletwa na kihisi. Ndani ya ganda lake la chuma lenye matundu mna kikombe cha kauri ya zirkonia, chenye umbo la kastabini ya mshonaji, kilichopakwa utando mwembamba wa platinamu nje na ndani. Upande wa nje huoshwa na moshi wa injini, ilhali upande wa ndani hugusana na hewa ya kawaida. Na kauri hiyo inapopata joto la nyuzi 300 za Selisiasi na zaidi, chembe za oksijeni zenye chaji ya umeme huweza kupita ndani yake, hivyo tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzaa umeme. Mchanganyiko ukiwa mzito umeme hufika karibu volti 0.9, ukiwa mwepesi hushuka karibu volti 0.1, na mpaka kati ya hali hizo mbili ni volti 0.45. Kompyuta ikisoma uzito hupunguza petroli, ikisoma wepesi huongeza, na kwa sababu hiyo umeme wa kihisi kizima hautulii bali hupanda na kushuka muda wote injini inapofanya kazi ikiwa imepata moto.

Gari la kwanza kuuzwa likiwa na kifaa hiki lilikuwa Volvo ya mwaka 1976 iliyopelekwa katika jimbo la California nchini Marekani, na kihisi chenyewe kilitengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani. Vihisi vya kwanza vilingoja joto la moshi ndipo viamke. Kuanzia mwaka 1982 vikaanza kupatikana vyenye hita, yaani waya wa kupasha joto ndani ya kauri, ili viamke mapema hata bomba likiwa bado halijapata moto. Ndiyo maana idadi ya waya ni habari muhimu dukani: waya mmoja humaanisha kihisi kisicho na hita, na waya mitatu au minne humaanisha kwamba miwili kati yake, ambayo aghalabu hufanana rangi, ni ya hita.

Historia ya kifaa hiki katika Afrika Mashariki haiwezi kutenganishwa na historia ya risasi. Madini hayo yalitiwa kwenye petroli kwa miongo mingi ili kuzuia injini kugonga, lakini yanapoungua huganda juu ya platinamu na kuiziba, hata kihisi kikawa kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia Januari 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondolewa katika vituo vya eneo hilo. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Madhara ya kwanza ya risasi yalikuwa kwa ubongo wa watoto, na hilo peke yake lilitosha kuwa sababu. Ila kwa fundi, tarehe hizo humweleza pia kwa nini pikapu mbili zinazofanana sura, zilizoundwa miaka ileile, moja inacho kihisi na nyingine haina.

Dalili za kihisi kilichochoka zinafahamika: petroli inaisha haraka, injini inatetemeka ikisimama, moshi unanuka, na taa ya cheki injini inawaka kwenye dashibodi. Tatizo ni kwamba dalili hizohizo huletwa na mambo mengine kadhaa, na hapa ndipo fedha nyingi za wenye magari hupotea. Kihisi ni shahidi. Akisema mchanganyiko ni mwepesi, huenda anasema kweli. Bomba la ekzosi likipasuka au gaskiti ya manifoldi ikivuja mbele ya kihisi, hewa ya nje hunyonywa ndani, kihisi huona oksijeni nyingi, na kompyuta humwaga petroli isiyohitajika. Plagi isiyopiga cheche vizuri huleta matokeo hayohayo, kwa kuwa oksijeni ya silinda ile hupita bila kutumika. Fundi anayekibadilisha kihisi kwa sababu tu mashine ya kupimia imetaja neno oksijeni amemwadhibu shahidi na kumwacha mkosaji, na mteja atarudi baada ya wiki moja na taa ileile.

Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia matoleo ya mwaka 1996 yana mfumo wa pamoja wa kujipima, ambao huandika kasoro kwa alama: P0135, kwa mfano, hutaja hitilafu katika umeme wa hita ya kihisi cha mbele, ilhali P0171 hueleza tu kwamba mchanganyiko ni mwepesi, bila kumtaja mwenye kosa. Toyota nyingi za kabla ya hapo hazihitaji mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki ambacho juu ya kifuniko chake pameandikwa DIAGNOSIS, na ndani yake mna matundu yenye majina. Fundi huunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, hufungua swichi bila kuwasha injini, kisha huhesabu mimweko ya taa ya dashibodi. Taa ikimweka mara mbili, ikatulia kidogo, ikamweka mara moja, hiyo ni namba 21, yaani kompyuta inalalamikia kihisi cha oksijeni. Kabla ya kwenda dukani hufaa pia kukagua fyuzi na kupima hita kwa mita ya umeme: katika vihisi vingi vya Toyota vya aina hii, hita nzima iliyopoa huonyesha ukinzani wa omu 11 hadi 16, na ile iliyokatika haionyeshi chochote.

Kazi yenyewe ya kukitoa ni ndogo kwa maelezo na kubwa kwa mikono, kwa sababu adui wake ni kutu iliyopikwa kwa moto kwa miaka 20. Gari huegeshwa mahali tambarare, magurudumu huzuiwa kwa vigingi, na likinyanyuliwa huwekwa juu ya stendi za chuma, kwa maana jeki peke yake haiaminiki na mtu aliye chini ya gari hana mahali pa kukimbilia. Mafuta ya kulegeza kutu hupuliziwa kwenye hesi, yaani michirizi ya parafujo ambamo kihisi hujifunga, na huachwa yapenye kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Asubuhi yake injini huwashwa kwa dakika chache ili chuma kitanuke kidogo, kisha huzimwa. Bomba liwe na joto la kuhisiwa lakini lisiunguze, na glavu nzito zisikosekane. Plagi ya waya huchomolewa kwanza, kwa kubonyeza klipu yake badala ya kuvuta waya.

Vihisi vingi hufungwa kwa hesi ya milimita 18 na kufunguliwa kwa spana namba 22, na zipo soketi maalumu zenye mwanya ubavuni wa kupitishia waya. Kama kihisi cha zamani hakitarudishwa kwa vyovyote, waya wake unaweza kukatwa ili ringi spana ya kawaida ivae kichwani vizuri, jambo ambalo ni salama kuliko kuhangaika na flati spana inayoteleza na kulainisha pembe. Mkono hutumia nguvu ya kutulia na si ya kushtua, na hesi inapoanza kulegea huzungushwa nusu mzunguko, ikarudishwa robo, ikaongezwa mafuta, hadi itoke yenyewe. Anayelazimisha hutoka na kihisi kilichovaa hesi yote ya bomba, na hapo kazi ya saa moja hugeuka kuwa kazi ya mchomeleaji. Katika Toyota nyingi za umri huu kihisi hakina hesi, bali kina bapa linaloshikwa na nati mbili na gaskiti ya chuma, na hapo hatari ni kukatika kwa stadi, yaani zile bolti zisizo na kichwa zilizosimikwa kwenye bomba.

Kihisi kilichotoka kisitupwe kabla hakijasomwa. Ncha yake huandika maradhi ya injini kwa rangi: masizi meusi makavu humaanisha mchanganyiko mzito, pengine kwa injekta inayovuja, ukoko wa kahawia humaanisha oili inaingia kwenye silinda na kuungua, weupe wa chengachenga huweza kutoka kwenye maji ya rejeta yanayopita gaskiti ya silinda hedi, au kwenye gundi ya silikoni isiyofaa ambayo fundi aliyetangulia aliipaka mahali pa gaskiti. Kihisi kipya kikiwekwa juu ya ugonjwa huo bila kuutibu kitakufa kifo kilekile, na dakika tano za kuitazama ncha hiyo juani zina thamani kubwa kuliko bei ya kifaa chenyewe.

Kipya hushikwa kwa uangalifu, kwani kauri iliyoanguka kwenye sakafu ya saruji hupasuka ndani bila kuonyesha alama nje. Hesi ya bomba husafishwa. Hesi ya kihisi, kama haikupakwa kiwandani, hupakwa grisi maalumu ya kuzuia kushikana kwenye joto kali, kidogo tu, na isiguse ncha kabisa. Huanzishwa kwa vidole hadi kikae, kisha hukazwa kwa spana yenye kipimo, kati ya niutoni mita 35 na 45 kwa wastani.

Lipo jambo moja kuhusu waya ambalo gereji nyingi hazilijui. Ile hewa safi inayohitajika upande wa ndani wa kikombe cha kauri, katika vihisi vingi, haiingii kupitia tundu lolote linaloonekana. Hupenya katikati ya nyuzi za shaba ndani ya waya wenyewe, ikitokea kwenye plagi. Kihisi hupumua kwa waya wake. Kwa sababu hiyo kuunga waya kwa kuchomea risasi na bati, au kujaza grisi ndani ya plagi ili maji yasiingie, ni kukiziba pua. Anayelazimika kuunga, kama ilivyo kwa vihisi visivyo na plagi yake maalumu, na atumie viungio vya kubana kwa koleo, kisha waya ufungwe mbali na bomba la moto na mbali na propela inayozunguka.

Baada ya hapo kumbukumbu ya kasoro hufutwa kwa mashine, au kwa kuchomoa fyuzi ya mfumo wa injekta kwa muda, na injini huwashwa hadi ipate moto kamili. Sikio husikiliza mlio wa moshi unaopenya kwenye gaskiti. Mita huunganishwa kwenye waya wa habari, injini hushikiliwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, na umeme huvuka mpaka wa kati mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 10. Pikapu yenye kihisi cha pili, nyuma ya kile kichujio cha moshi ambacho wengi hukiita masega kwa sababu ya vitundu vyake, hupimwa na hapo pia, ila matarajio ni kinyume: masega mazima huitumia oksijeni kiasi kwamba umeme wa kihisi cha nyuma karibu hautikisiki, na ukianza kucheza sambamba na ule wa mbele, kilichokufa ni masega.